Nilivyosugua Doa Kama Masizi ya Sufuria

Nilianza na dodoki. Krimu, seramu na mkorogo vilikuja baadaye. Nilikuwa na miaka 24, umri ambao kila mtu aliniambia chunusi zilitakiwa ziwe zimeshaniaga, lakini zangu ndiyo kwanza zilikuwa zinapiga kambi: mashavuni, kidevuni, na mstari mzima wa taya. Kila moja ilipokauka iliacha doa jeusi, kana kwamba mtu mwenye masizi vidoleni amenishika uso. Mimi ni maji ya kunde, na niliamini madoa yale anayaona hata mtu aliye ng'ambo ya barabara. Basi nikawa nasugua. Asubuhi na jioni, sabuni kali, dodoki, na nguvu zile zile za kutoa ukoko kwenye sufuria.

Nadhani hata lugha ilinisaidia kupotea. Tukimsifu mtu tunasema ngozi yake imetakata, na kutakata ni kuwa safi. Ngozi isiyotakata basi ni ngozi chafu, na uchafu dawa yake ni maji, sabuni na mikono yenye nguvu. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha hivyo. Nililimeza tu neno pamoja na maana yake. Baada ya miezi mitatu ya dodoki madoa yalikuwa mapana kuliko nilivyoanza, na nilikuwa nimejipatia baka jipya kwenye mfupa wa shavu, mahali ambapo hapajawahi kuota chunusi hata moja.

Laiti ningejua wakati ule doa linavyozaliwa. Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli ziitwazo melanositi. Kazi yake ni kutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, kuifunga kwenye vifuko vidogo sana na kuvigawa kwa seli jirani zinazopanda kuelekea juu. Mtu mweupe na mtu mweusi wana idadi inayokaribiana ya melanositi. Tofauti iko kwenye bidii ya kazi na ukubwa wa vile vifuko. Na zetu sisi tulio weusi ni nyepesi kushtuka. Chunusi ikivimba, ngozi ikikwaruzwa, ikiungua kwa jua au kwa dawa kali, melanositi hujibu kwa kumwaga rangi nyingi kuliko inavyohitajika. Doa ndilo hilo jibu. Mimi nilikuwa naipiga ngozi, inajibu, halafu naipiga tena kwa kuwa imejibu.

Dodoki liliposhindwa nikahamia kwenye limau. Nilisikia kwamba lina vitamini C na kwamba ni la asili, na mimi neno «asili» lilikuwa linanilegeza kabisa. Nilikuwa nakata kipande, napaka usoni, nakaa nacho dakika ishirini huku kinanichonyota, na kule kuchonyota nikakuhesabu kuwa ni ushahidi wa kazi. Uasidi wa limau uko karibu na pH 2, na kwenye kipimo hicho namba ikishuka, ukali wa asidi hupanda. Ngozi yenyewe hukaa vizuri ikiwa karibu na 5. Isitoshe, malimau na ndimu vina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikibaki kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua huiunguza, na ngozi hiyo ikipona huacha weusi. Siku moja nilipaka, nikasuuza kwa haraka, nikatoka. Jioni shingo ilikuwa na alama nyekundu zenye umbo la matone yaliyotiririka. Zilipokauka zikawa michirizi ya kahawia iliyokaa nami miezi mingi. Hapo nikaachana na limau, lakini sikuachana na fikra.

Mkorogo uliletwa na shoga yangu, kwa upendo kabisa. Kopo jeupe la plastiki, halina jina, halina orodha ya viungo, krimu ya manjano iliyoiva yenye harufu ya waridi iliyokusudiwa kuficha harufu nyingine. Nisiwadanganye: ilifanya kazi. Siku ya tisa nilijitazama nikacheka mwenyewe. Madoa yalififia, chunusi zilinywea, uso wote ulikuwa umepanda ngazi mbili za weupe, na watu walioniona walisema neno lile nililokuwa nalisubiri. «Umetakata!» Wanaoandika juu ya mkorogo kana kwamba wanaoutumia ni wajinga nafikiri hawajawahi kusikia neno hilo wakiambiwa wao, baada ya miaka miwili ya kuinamisha uso.

Nilipaka miezi minne. Dalili zilikuja moja moja, na kila moja nikaipatia kisingizio. Mashavu yalianza kuwaka nikitoka juani: joto la mwaka huu. Manyoya laini yaliota pembeni mwa mashavu: urithi wa upande wa baba. Vipele vidogo vilizunguka mdomo: labda dawa ya meno. Vidole vilikuwa vyeupe ila vifundo vyake vikabaki vyeusi vile vile, nikaanza kuficha mikono nikiongea na watu. Kwa mapaja, nilikokuwa napaka kwa ukarimu, ilikuja michirizi mipana ya zambarau. Hiyo sikuipatia kisingizio chochote, niliivalia nguo ndefu tu.

Kisha kopo likaisha, na anayelitengeneza hakupatikana kwa wiki moja. Siku ya pili uso uliwaka moto. Siku ya nne ulikuwa umevimba, mwekundu juu ya kahawia, unawasha, umejaa vipele vyenye usaha. Nilipopata kopo jingine na kupaka, ulitulia kabla ya kulala. Nilijua hapo kwamba kuna jambo. Kitu kinachokutuliza kwa upesi hivyo na kukuadhibu kwa upesi hivyo, tunajua sote kinaitwaje.

Daktari wa ngozi niliyemwendea alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Hakuniuliza nimepaka nini. Aliniuliza hivi:

«Ukiacha siku mbili, inakuwaje?»

«Inawaka, daktari.»

«Na ukirudia?»

«Inapoa siku hiyo hiyo.»

Akashika mkono wangu, akatazama vifundo, akatazama vidole. «Hiyo ina steroidi, mwanangu. Kopo hatujalipima, lakini ngozi yako imeshasema.»

Alinieleza kwamba makopo ya namna ile kwa kawaida huwa na mmoja kati ya wageni watatu, au wote kwa pamoja. Wa kwanza ni steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi. Klobetasoli ya 0.05% inaweza kumwokoa mtu mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba. Lakini maelekezo yake ya kawaida ni wiki mbili mfululizo, basi, na kwa uso inaogopwa hata hizo mbili. Hufubaza uvimbe wote, ndiyo maana chunusi zangu zilinywea, na hubana mishipa ya damu, ndiyo maana weupe ulikuja haraka. Nyuma ya pazia inaikondesha ngozi mpaka inapasuka kwa ndani: ile michirizi ya mapaja. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huweza kupenya hadi kwenye damu, na mwili ukaacha kutengeneza homoni zake za aina hiyo. Kwa sababu hiyo hakuniambia nitupe kopo nikalale. Alinipa steroidi hafifu na ratiba ya kuipunguza wiki kwa wiki, akataka kuniona kila baada ya siku kumi na nne.

Mgeni wa pili ni haidrokwinoni, na huyu ana habari ndefu kidogo. Inazuia kimeng'enya cha tairosinesi, ambacho melanositi hukihitaji ili kutengeneza rangi, na mikononi mwa daktari ni dawa nzuri. Mwaka 1975 madaktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman na Isaac Willis, walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni 5%, tretinoini 0.1% inayoharakisha seli mpya, na deksamethasoni 0.1%, ambayo nayo ni steroidi, na mpaka leo madaktari wanatumia dawa zilizotokana na ule. Nilipoisikia nilishtuka, maana kwa majina tu hiyo ni mkorogo. Tofauti iko kwenye kipimo, kwenye muda, na kwenye mtu anayekuangalia na kukuambia acha sasa. Umoja wa Ulaya uliiondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi vya ngozi mwaka 2001, na Marekani tangu 2020 haiuzwi tena bila cheti cha daktari. Ikitumika miaka, hasa juani, inaweza kuleta okronosisi: weusi wa kibuluu wenye chembechembe, mashavuni na kwenye paji la uso, usiosikia dawa. Mtu huuona anadhani doa limerudi, anaongeza krimu ile ile iliyomletea.

Wa tatu ni zebaki. Huyu hana upande mzuri hata mmoja. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, hupenya kwa mgusano, na mwenye kupaka humwachia mtoto kwenye shuka na mto. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mpaka wa sehemu moja kwa milioni, yaani miligramu 1 ndani ya kilo nzima ya krimu, na baadaye nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata hicho kiasi. Kwenye lebo, kama lebo ipo, tafuta maneno calomel, mercuric iodide au lolote lenye «mercur» ndani yake. Onyo linalosema krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini nalo ni alama mbaya. Mimi niliwahi kuliona onyo hilo kwenye krimu nyingine nikalitafsiri kuwa ina nguvu!

Sitaeleza sana miezi iliyofuata. Ilikuwa mibaya na haikuwa na la kusimulia: uso unawaka, unanyauka, unawaka tena kidogo, unatulia. Rangi yangu ikarudi na madoa yakarudi nayo, mengine meusi kuliko zamani. Kwa wiki kumi na mbili daktari alikataa kunipa chochote cha kung'arisha. Sabuni laini isiyo na harufu, kwa vidole tu. Mafuta ya kulainisha yenye gliserini na seramidi, aina ya mafuta ambayo ngozi yenyewe inayo. Petroli jeli usiku pale palipopasuka. Krimu ya kukinga jua. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba sikuja kutafuta mafuta ya mtoto mchanga. Akanijibu kwamba ngozi iliyojeruhiwa ukiipaka dawa ya madoa, unaitengenezea madoa.

Hiyo krimu ya jua ndiyo nataka kukaa nayo, kwa sababu ndiyo nilidharau kuliko vyote. Nilikuwa naamini ni ya wazungu. Melanini inatukinga, ni kweli, na sisi hatubabuki kirahisi. Ila doa halingojei mpaka ubabuke. Mionzi ya UVA, mojawapo ya mionzi ya jua isiyoonekana, hupita kwenye kioo cha dirisha. Hilo nimelithibitisha kwa shavu langu la kushoto, ambalo madoa yake yalichelewa kufifia kwa miezi mitatu nyuma ya lile la kulia. Nilikuwa nakaa kazini dirisha likiwa kushoto. Nilipohamisha meza na kuanza kupaka hata siku za mawingu, mashavu yakaanza kufanana.

Krimu ya SPF 30, yaani namba ya kinga iliyoandikwa kwenye kopo, huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile inayobabua, na SPF 50 karibu 98. Kwa hiyo kugombania namba kubwa si kitu. Kitu ni kiasi. Mimi nilikuwa napaka tone moja uso mzima, kama manukato. Kiasi kinachofaa kwa uso na shingo ni mistari miwili iliyojaza kidole cha shahada na cha kati, na ukikaa nje unarudia kila baada ya saa mbili. Nilipopaka kiasi hicho mara ya kwanza, niligeuka kijivu. Nilifanana na mtu aliyemwagiwa majivu. Huo ni unga wa oksidi ya zinki na titani, na ndiyo sababu wengi wetu hujaribu mara moja tukaacha. Suluhisho nililipata kwenye krimu zilizotiwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutoka kwenye oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma ina faida nyingine: huzuia mwanga wa kawaida, ule tunaouona kwa macho. Kwenye ngozi nyeusi mwanga huo peke yake unaweza kuamsha melanositi na kuzidisha mabaka, na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii. Basi kile nilichokitafuta ili nisiwe na majivu usoni kikawa ndicho dawa.

Baada ya wiki zile kumi na mbili nikaruhusiwa viungo vya kazi, kimoja kimoja. Sikusikia. Nilikuwa nimeshasoma sana, nikanunua vinne siku moja: seramu ya vitamini C, asidi ya glaikoliki ya kuchubua seli zilizokufa, retinoidi (jamii ya vitamini A), na sabuni ya asidi ya kojiki. Nikavitumia vyote wiki hiyo hiyo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi nilidiriki kidevu kilichochubuka na doa jipya la ukubwa wa kucha. Daktari alinitazama tu.

Nilianza upya na niasinamidi ya 5%. Haizuii rangi kutengenezwa; inazuia vile vifuko visigawiwe kwa seli jirani, na huku inaimarisha ngozi yenyewe. Haichonyoti, haina makeke, na kwa watu wengi hukubaliana na kila kitu. Wiki nne sikuona lolote zaidi ya kupungua mafuta puani. Nilishaanza kufahamu lakini kwamba seli mpya ya ngozi huchukua kama siku 28 kupanda hadi juu, na zaidi kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo kuhukumu kitu kabla ya wiki nane ni kumwonea.

Iliyonibadilisha ni asidi ya azelaiki. Kama ningeambiwa nichague kimoja tu baada ya krimu ya jua, ningechagua hii bila kufikiri mara mbili, na nashangaa haizungumzwi sana. Labda kwa sababu haina harufu nzuri wala ahadi ya siku saba. Nilipewa ya 20%. Inatibu chunusi na inazuia tairosinesi kwa pamoja, na inapenda zaidi kuzigusa melanositi zilizochachamaa kuliko zile zilizotulia, hivyo doa hufifia na ngozi ya jirani haipauki. Hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji tangu mwanzo. Sikuwahi kuhitaji kuwa mweupe. Nilihitaji uso wa rangi moja, na kwa muda mrefu sikujua kwamba hayo ni mambo mawili. Wiki mbili za kwanza iliwasha kama chawa. Niliipaka juu ya mafuta ya kulainisha, si chini yake, na kuwasha kukapungua.

Adapalini ya 0.1% ilifuata, usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Ni ya jamii ya retinoidi. Inaharakisha seli kupanda na inazuia vinyweleo kuziba, kwa hiyo inakata chunusi kabla haijawa doa. Mwezi wa kwanza chunusi ziliongezeka. Nilikuwa nimeonywa, nikavumilia. Mjamzito haitumii, na anayepanga ujauzito aiache mapema.

Vitamini C nitaipita haraka. Ikiwa katika hali yake halisi, kati ya 10% na 20%, na ikiwa na uasidi wa kutosha, inasaidia. Lakini huharibika ikikutana na hewa na mwanga. Yangu iligeuka rangi ya chai kabla sijaifikisha nusu, nikaendelea kuipaka kwa uchungu wa pesa. Asidi ya kojiki, ambayo hutokana na ukungu wa aina ile inayochachusha vyakula huko Japani, iliniletea ukurutu kope za macho. Wengine wanaipenda. Kabla ya kuijaribu, au kujaribu chochote, paka kidogo upande wa ndani wa mkono siku kadhaa na usubiri. Mimi sikufanya hivyo ndiyo maana nilivimba macho kwenye harusi.

Nilijifunza pia kupiga picha. Mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, saa ileile, mwanga wa dirisha, uso mkavu. Jicho linalojitazama kila siku halioni mabadiliko ya polepole, linaona tu lile lililobaki. Mwezi wa tatu nilitaka kuacha kila kitu. Nikaweka picha ya kwanza na ya tatu kando kwa kando, nikanyamaza. Madoa ya kahawia yalikuwa yameondoka kwa nusu. Yale ya kijivu-buluu hayakuwa yamesogea. Daktari alinieleza kwamba hayo ya kijivu rangi yake imeshuka kwenye tabaka la chini, ambako krimu haifiki vizuri, na huweza kukaa miaka. Moja ninalo kidevuni hadi leo. Tumezoeana.

Mambo mawili nje ya uso. Binamu yangu alikuwa na shingo nyeusi, nzito, laini kama mahameli, na kwa miaka alikuwa anaisugua kwa dodoki kama langu, akiambiwa haogi vizuri. Nilimpeleka kwa daktari yule yule nikitegemea atapewa azelaiki. Akapewa kipimo cha sukari. Weusi wa namna hiyo, shingoni, kwapani au kwenye kinena, mara nyingi ni dalili kwamba mwili hauitikii insulini inavyopaswa, na majibu yake yalionyesha hivyo. Alibadilisha anavyokula, akaanza kutembea, uzito ukashuka, shingo ikafuata pole pole. Hakupaka kitu. Kila nikikumbuka wale waliomwambia akaoge nachefukwa.

Kwapa langu mwenyewe lilipata nafuu nilipoacha kiwembe kikavu na kile cha kupulizia chenye spiriti. Hapo hakuna siri nyingine.

Jaribu kubwa lilikuja miaka mitatu baadaye, nikiwa nimeshajiona fundi. Nilishika mimba. Mwezi wa tano mabaka ya kahawia yalitanda mashavu yote mawili na paji la uso, yamelingana kulia na kushoto kama ramani iliyokunjwa. Hiyo ni melasma. Homoni za ujauzito huiamsha, vidonge vya uzazi wa mpango pia, na jua na joto huichochea. Adapalini nilikuwa nimeiacha kabla. Ikabaki azelaiki, ambayo daktari alisema naweza kuendelea nayo, kofia pana, na krimu yangu ya kahawia.

Kilichoniumiza hakikuwa mabaka. Ilikuwa ni watu. «Mbona umeharibika hivyo?» «Ulikuwa umetakata wewe!» Shoga yangu yule yule, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia kwenye sindano za kung'arisha ngozi za glutathioni, alinipigia akasema kuna dripu nzuri ya baada ya kujifungua. Nilimuuliza nani anamchoma, akasema kijana mmoja ana mkono mwepesi. Hakuna sindano ya kung'arisha ngozi iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, na nilimwambia, naye akasema mbona yeye hajafa. Tulikaa kimya kwenye simu. Nampenda sana yule mtu.

Nakiri kwamba usiku ule nilifikiria kopo. Sikumbuki sura yake, nakumbuka harufu, yale waridi, na siku ya tisa. Nilikwenda bafuni nikawasha taa, nikatazama vifundo vya vidole. Vilikuwa vimerudi rangi moja na mkono, ila kimoja cha kidole gumba cha kulia bado kina kivuli. Nikapaka azelaiki, nikalala.

Baada ya kujifungua, mabaka yalififia kwa kiasi miezi sita ya kwanza, kisha yakasimama. Daktari aliniongezea seramu ya asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa Japani kwa ajili ya kuzuia damu kutoka na baadaye ikaonekana inapunguza melasma. Sasa yanaonekana nikikaribia kioo, na nikizembea na krimu ya jua wiki mbili yanajionyesha kwa mbali. Melasma hutulizwa, haifukuzwi. Ukiniona asubuhi nikijaza vidole viwili kabla ya kumvalisha mtoto sare, ndiyo hiyo.

Shoga yangu alikuja kutuona mwezi uliopita. Alishika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga kama anayenunua kitambaa.

«Unapaka nini siku hizi? Usinifiche.»

Nikamletea kikapu. Akakichambua: sabuni isiyo na povu, mafuta yasiyo na harufu, mrija wa azelaiki uliominywa mpaka mwisho, krimu ya jua mbili. Akakitikisa aone kama kuna kitu chini.

«Hivi tu?»

«Hivi tu, na mwaka na nusu.»

Akacheka. Kisha akaona dodoki langu la zamani likining'inia bafuni, akalinyooshea kidole kwa ushindi.

«Na lile je?»

«Lile la visigino.»